Herufi za Baba na Printa Isiyo na Waya

Jamaa mmoja wa steshenari karibu na stendi ya Geita alinitendea wema ambao mpaka leo nikiukumbuka napandwa na hasira. Nilikuwa nimempelekea kazi yangu kwenye flashi, kurasa nane zilizojaa herufi kubwa nilizozipanga mwenyewe jioni nzima. Nikamwachia, nikaenda kununua nyanya. Niliporudi alinikabidhi karatasi moja tu, tena kwa mikono miwili, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Nimezibana, mama," akasema. "Zimeingia zote kwenye karatasi moja. Ulikuwa unaenda kuliwa hela ya bure."

Nikamweleza kwamba ukubwa ule ulikuwa wa makusudi. Akasema sawa, lakini herufi kubwa namna ile hazipendezi, watu watafikiri ni kazi ya chekechea. Nikamwambia azirudishe zilivyokuwa. Akaanza kuzirudisha, umeme ukakatika. Nikakaa kwenye benchi lake na nyanya zangu mapajani, namwangalia akipangusa mashine iliyozimika, na nikaapa moyoni kwamba sitakanyaga tena pale.

Karatasi zile zilikuwa za baba. Baba yangu ni msomaji wa kigango chetu kule Didia, Shinyanga Vijijini, nilikozaliwa. Padri hufika kigangoni mara chache, kwa hiyo Jumapili nyingi waumini huendesha ibada wenyewe, na tangu sijazaliwa anayesimama mbele kusoma masomo ni baba. Kilimo cha pamba aliwahi kukiacha, ng'ombe aliwahi kuwauza, ila kusoma hajaacha hata mwaka mmoja. Sasa macho yake yanakwisha. Hospitali walisema ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, wakatuambia wazi kwamba kilichokwenda hakirudi. Miwani haimsaidii. Kinachomsaidia ni herufi kubwa, nyeusi, zilizoachana.

Na kulikuwa na mwenyekiti mpya wa kigango. Huyu alisimama siku moja wakati wa matangazo akasema kwamba wasomaji ambao macho yamechoka wapumzike kwa heshima, wenye simu wasomee kwenye simu, mambo yaende haraka. Hakutaja mtu. Kigango kizima kilijua anamsema nani, kwa sababu Jumapili iliyotangulia baba alikuwa ameruka mistari miwili, akagundua, akarudi nyuma, akaisoma upya.

Jioni ile baba alinipigia simu. Akanisimulia habari za mvua, choroko, na mbuzi wa jirani aliyekula miche. Nilipodhani tumemaliza, akaniambia, "Mayu, hivi wewe unaweza kuniandikia yale masomo kwa helufi kubwa?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baba ameniita hivyo tangu nikiwa mdogo. Si mtu wa kuomba. Alipofiwa na mama hakuomba mtu aje kukaa naye. Kwa hiyo nilipoisikia ile "helufi kubwa" nilijua maana yake. Karatasi zisipofika Didia kabla ya Jumapili, mtu mwingine atasimama na simu yake pale mbele, na akishasimama mara moja, nafasi ile hairudi tena kwa mzee.

Nimeandika "helufi" kwa sababu ndivyo alivyosema. Sisi Wasukuma r na l hutuchezea tangu utotoni. Kwetu barabara ni balabala na habari ni habali. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Chuoni nilijitesa mpaka r ikakubali kukaa mdomoni, na tangu hapo nalipwa mshahara kuwatesa wengine. Kuna mwanafunzi aliniandikia "nimekura ugari" kwenye insha, nikazungushia duara jekundu maneno yote mawili. Baba naye nilijaribu kumnyoosha, likizo hadi likizo. Namwambia, siyo fulaha, baba, ni furaha. Ananisikiliza kwa makini kabisa, anatikisa kichwa, anasema, "Ndiyo hiyo. Fulaha." Mwisho nilinyoosha mikono.

Basi, baada ya yale ya steshenari, nikaamua kununua printa ya nyumbani. Kompyuta tulikuwa nayo, ya mezani, ambayo mume wangu aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Nyuma ina matundu manne ya kuchomekea waya. Moja limekufa, moja linalegea hadi ulishikilie kwa kidole, na mawili yameshikwa na kibodi na kipanya. Mume wangu akasema dawa yake ni printa isiyotumia waya, inayopokea kazi kupitia intaneti ya nyumbani. Alisema hivyo kwa simu, kwa sababu yeye anauza vipuri vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na siku nyingi za wiki yuko machimboni Rwamgasa. Ushauri wake wote katika jambo hili ulikuja kwa simu, pamoja na kelele za karasha.

Dukani nilimkuta muuzaji mwenye maneno laini. Akanionyesha printa tatu. Ya kwanza ndogo, nyeupe, ya katriji mbili, moja ya wino mweusi na moja ya rangi. Ya pili ina matangi ya wino ubavuni, unaona kabisa wino uliobaki. Ya tatu ilikuwa ya unga mweusi, kubwa, bei yake hata sikuiuliza mara ya pili. Zote, akasema, ni wayalesi.

"Hii ndogo, katriji moja inachapa kurasa ngapi?" nikauliza.

"Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

"Inategemea unachapa nini."

"Nachapa herufi kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa dole gumba na kidole cha shahada. Akaangalia vile vidole, akaniangalia mimi.

"Mama, hayo ni mabango. Kama ni kampeni, mtafute mtu wa mabango."

Nikampigia mume wangu. Nikamsomea sifa za zote tatu, moja baada ya nyingine, nikiziba sikio la pili. Alipopata nafasi ya kusema aliuliza kitu kimoja tu: uzito.

"Zinyanyue," akasema. "Nzito ndiyo yenye kitu ndani."

Huyu ni mtu ambaye amekaa migodini mpaka anaamini kila kitu duniani kinaweza kuamuliwa kwa mizani. Nilimwambia sinunui jiwe. Akasema nyanyua tu, mwalimu, utaniambia. Na mimi, mtu mzima, mwenye watoto, nikanyanyua printa tatu dukani mbele ya wateja, moja moja, nikizipima mikononi kama kuku wa kuuzwa. Nzito kuliko zote ilikuwa ya unga, na ile ingemeza mshahara wangu na wa mwenzangu ofisini. Ya matangi nayo haikuwa saizi yangu mwezi ule. Nikachukua nyepesi. Muuzaji akaniambia nimechagua vizuri, kwa sauti ileile ambayo bila shaka angeitumia kama ningechagua nyingine.

Nikiwa kwenye bajaji na boksi langu, baba akapiga.

"Umepata?"

"Nimepata, baba. Isiyo na waya."

"Sasa umeme unaingilia wapi?"

"Waya wa umeme upo. Ni waya wa kompyuta ndio haupo."

"Kwa hiyo ina waya."

"Ina mmoja, baba."

"Basi wamekuuzia yenye waya," akasema kwa huruma. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Dereva wa bajaji alikuwa anatabasamu kwenye kioo chake.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Basi linalopita Didia huondoka asubuhi, na kondakta wake hunibebea bahasha na kumkabidhi bodaboda mmoja pale njiani anayemfahamu baba. Nilikuwa na jioni ile tu. Nikaitoa printa kwenye boksi, nikaivua selotepu za njano zilizobandikwa kila kona, nikachomeka ule waya ambao haupo. Ikawaka. Ikanguruma, ikajisafisha koo, ikatulia, halafu ikaniuliza neno la siri la intaneti.

Neno la siri nilikuwa silijui. Mume wangu ndiye aliyefunga kile kisanduku cha intaneti, na kila simu iliyoingia nyumbani mwetu aliiunganisha mwenyewe, kwa kujidai, akiwa ameigeuzia ukutani kana kwamba mimi ni mwizi. Nikampigia.

"Andika balabala," akasema.

Naye ni Msukuma kama mimi, na nyumba yetu iko kando ya barabara, kwa hiyo sikushangaa. Kwenye printa ile hakuna kibodi. Kuna kioo kidogo na vitufe viwili, cha kupanda na cha kushuka, na unatafuta kila herufi kwa kuanzia a, ukipita zote, na ukiipitiliza unazunguka upya. Nikaandika b. Nikaandika a. Nikasafiri mpaka r. Nilipomaliza neno zima mgongo ulikuwa unaniuma. Printa ikafikiri, ikaniwashia taa nyekundu.

"Imekataa," nikamwambia.

"Umeandika balabala?"

"Nimeandika barabara."

"Haya, mbona imekataa?"

"Unaniuliza mimi?"

Akasema nianze na herufi kubwa. Nikaanza na herufi kubwa. Nyekundu. Akasema labda aliweka moja mwishoni. Nikaweka moja mwishoni. Nyekundu. Akasema niizime, niiache ipumzike. Nikaizima, nikakaa nayo tunatazamana, nikaiwasha. Ikajisafisha koo tena, ikauliza lilelile. Kila baada ya muda mume wangu ananipigia kutoka Rwamgasa kuuliza, "Imetema?" Kutema ni neno lao la migodini, duara, yaani shimo la mgodi, likitoa dhahabu wao husema limetema. Mara ya kwanza nilicheka. Mara zilizofuata nilimjibu maneno ambayo mwalimu hayaandiki.

"Sikiliza," akasema mwishowe, naye sasa sauti imepanda. "Andika kama ninavyosema mimi. Ba-la-ba-la. Usiweke Kiswahili chako."

Nikasimama katikati ya sebule na simu sikioni. Kiswahili changu. Nikarudi kwenye vile vitufe, nikaandika b, nikaandika a, nikasimama kwenye l. Herufi ile naikata kwa wino mwekundu tangu niajiriwe. Nikaiweka. Nikaweka na ya pili. Printa ikafikiri, taa ikageuka buluu, ikatulia tuli.

"Uliandika balabala!" nikampigia kelele.

"Si ndivyo nilivyokwambia tangu mwanzo?" akasema. Na ukweli ni kwamba ndivyo alivyoniambia. Miaka yote hii mawasiliano ya nyumba ya mwalimu wa Kiswahili yanafunguliwa na kosa la tahajia, na watoto wangu wote wanaingilia humo.

Ikatema. Kurasa nane, nyeusi tii, kila moja nikiipokea mwenyewe mdomoni mwa mashine. Asubuhi bahasha ikapanda basi. Jumapili mchana baba akapiga, na nilijua mambo yamekwenda vizuri kwa namna alivyosema "Malahaba" hata kabla sijamaliza shikamoo.

"Nimesoma yote," akasema. "Sikuluka hata mstali mmoja. Mwenyekiti mwenyewe amenipa mkono."

"Hongera, baba."

"Ila ongeza kidogo."

Nikaongeza. Wiki iliyofuata nikaongeza tena. Neno lile "ongeza" likawa ndiyo salamu yetu. Baba anasoma, anapiga simu, anashukuru, anasema wabeja mayu, halafu anasema ongeza. Kurasa nane zikawa kumi na kitu, zikazidi. Mistari mitano kwenye ukurasa, mistari minne. Ukichagua ukubwa wa herufi kwenye kompyuta, orodha inaishia sabini na mbili, nami nilipofika pale nilifikiri tumefika mwisho wa dunia. Kumbe unaweza kuandika namba yako mwenyewe. Natamani nisingejua.

Herufi kubwa zinakunywa wino. Muuzaji hakunidanganya, ilitegemea ninachapa nini, na mimi nilichapa mabango. Katriji mbili mpya zilikuwa zinakaribia bei ya printa yenyewe, kitu ambacho hakuna aliyeniambia siku nilipozinyanyua zote tatu mbele za watu. Nikazoea. Niliacha kununua vitu fulani nisivyotaka kuvitaja, nikanunua wino. Lakini kuna Ijumaa moja printa ile iligoma kabisa. Ikaandika kwenye kioo chake kwamba rangi ya njano imekwisha.

Mimi sichapi njano. Tangu niinunue sijachapa kitu chochote cha njano. Wino mweusi ulikuwa umejaa, nilikuwa nimeubadilisha wiki ileile. Nikaiambia ichape nyeusi tu, ikasema njano imekwisha. Nikampigia muuzaji, akasema ndivyo zilivyo hizo, mama, zinataka zote ziwepo. Nikamuuliza njano inahusika vipi. Akasema hata yeye huwa anajiuliza. Katriji ya rangi dukani hana, labda Mwanza. Nikakaa chini nikalia kwa hasira, machozi kabisa, kwa sababu ya njano.

Halafu nikachukua kalamu za kuandikia kwenye ubao mweupe nilizozileta kutoka shuleni, nikaandika masomo yote kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Jumapili baba akaniuliza kama printa imekufa. Nikamwambia imegoma. Akasema, "Nilijua tu, yenye waya isingegoma." Kumbe alishasahau kwamba ni yeye aliyesema ina waya.

Jumapili moja nikaenda Didia mwenyewe. Nilikuwa sijamwona akisomea karatasi zangu, nikakaa benchi la katikati ili asinitambue, ingawa kwa macho yake ya sasa ningeweza kukaa hata mbele. Alishikwa mkono na mtoto wa dada yangu hadi pale mbele. Akaweka bunda langu juu ya meza, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Akasoma maneno manne. Akafunua. Maneno matatu. Akafunua. Nikasikia aibu ya kazi yangu mwenyewe, maana kompyuta ilikuwa imekata sentensi popote ilipotaka. Ukurasa mmoja uliishia kwenye "na", ukamwacha mzee amesimama na ile "na" mdomoni, anatafuta kona ya karatasi kwa vidole, na kigango chote kikimsubiri. Mwenyekiti aliangalia saa yake. Nilitamani kumrushia kiatu.

Niliporudi Geita nikaanza kukata kurasa mwenyewe, pale baba anapovuta pumzi. Nilikuwa nazisoma kwa sauti sebuleni, nikijaribu kusimama kama yeye. Watoto wakaniuliza kama nataka kuwa sista.

Ikafika wiki ambayo ukurasa mmoja ulibeba neno moja. Lile bunda lilikuwa nene kuliko daftari la mahudhurio. Njano ilikuwepo, nyeusi ilikuwepo, umeme ulikuwepo, na printa ikachapa bila kelele, neno, neno, neno, nami nikiwa nimesimama pale nazipanga. Kwa mara ya kwanza tangu niinunue haikunikosea chochote. Nilitamani igome.

Jumapili mchana baba hakupiga. Nikapiga mimi. Shikamoo, malahaba, habari za huko, nzuri, mvua haijanyesha. Nikasubiri lile neno. Nikamuuliza mwenyewe.

"Niongeze, baba?"

"Hapana," akasema. "Acha sasa."

"Niache nini?"

"Kuchapa. Leo nimeona weupe tu."

Nikakasirika. Sijui kwa nini ndicho nilichokifanya, lakini ndicho nilichokifanya. Nikamwambia nimenunua wino juzi, tena zote mbili, na rimu nzima ya karatasi. Nikamwambia hajatumia vizuri ile dawa ya matone. Nikamwambia kuna namba kubwa zaidi, sijafika mwisho wa namba. Akaniacha niseme yote. Kisha akauliza, "Masomo ya Jumapili ijayo unayo hapo?"

"Ninayo."

"Nisomee."

Nikachukua kitabu. Nikasoma kipande, akarudia. Nikasoma kingine, akarudia. Akisahau ananisimamisha, anasema "ludia hapo", naludia. Tukaenda hivyo wiki nzima, kila nikitoka shule, mpaka Jumamosi akalisema somo lote bila kukwama. Jumapili akasimama mbele akalisoma. Nasema akalisoma kwa sababu alikataa kwenda mikono mitupu. Aliniagiza nimtumie karatasi moja, ya kushika, kwa kuwa msomaji hasimami pale bila kitu mkononi. Nikamwambia achukue karatasi yoyote. Akasema hapana, iwe imechapwa, tena iwe na neno la somo lenyewe, hataki kuwadanganya watu. Basi kila Ijumaa printa yangu inatema ukurasa mmoja, wenye neno moja, kwa ajili ya mtu asiyeuona. Inajisafisha koo kwa ukurasa huo mmoja kana kwamba inachapa gazeti. Mwenyekiti hajasema tena habari ya simu.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko printa, sitadanganya. Baba ni mwanafunzi mbishi. Ukisoma haraka analalamika, ukisoma polepole anasema yeye si mtoto. Anataka kujua mtume alikuwa anamwandikia nani na kwa nini alikuwa na hasira. Mtandao unakatika katikati ya sentensi, nampigia, naye wakati huohuo ananipigia, simu zote mbili zinaonekana zinatumika, na tunabaki kila mtu amenuna kwake. Mume wangu akiwepo nyumbani hupita sebuleni akaniuliza kwa ishara, imetema?

Wiki iliyopita somo lilikuwa refu na nilikuwa nimechoka, nimetoka kusahihisha madaftari ya vidato viwili. Nilikuwa nasoma, yeye anarudia, nasoma, anarudia, sauti yake na yangu zikifuatana mpaka nikaacha kusikiliza ninachosema. Ghafla akanisimamisha.

"Ludia hapo."

Nikarudia.

"Sema vizuli," akasema baba. "Wewe si mwalimu? Siyo fulaha, mayu. Ni fulaha."

Nikaishusha simu kidogo kutoka sikioni. Nilikuwa nimesema fulaha. Mdomo wangu wa Didia, nilioufukuza chuoni, ulikuwa umerudi wenyewe bila kubisha hodi, na mzee alikuwa ameusikia. Kumbe miaka yote ile ya likizo r alikuwa anaisikia.

"Furaha," nikasema.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Fulaha. Haya, endelea."